Mashine ya Shangazi Luseane

Nianze na kuku, maana kuku ndiye aliyenichosha kwanza.

Aliletwa nyumbani kwangu Jumanne mchana ndani ya bakuli la kioo, na aliyemleta alikuwa shangazi yangu Luseane mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na minne mwenye goti bovu, aliyetembea kutoka kwake hadi kwangu amelikumbatia bakuli kama mtoto mchanga. Kuku huyo nje alikuwa mweupe, hana hata doa la kahawia, kama vile hajawahi kuona moto, na kweli hakuwa ameuona. Karibu na mfupa alikuwa bado na damu. Katikati, nyama ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Mpaka leo sijui mtu anawezaje kupata mambo yote matatu kwa kuku mmoja.

“Dakika tisa,” Shangazi akasema huku akijifuta jasho. “Tisa tu, Feleti! Wewe na mawe yako saa hizi ungekuwa bado unatafuta kiberiti.”

“Haraka kweli, Shangazi.”

“Kula basi. Unamwangalia nini? Ameshakufa huyo.”

Nikala. Kwetu Tonga dada wa baba yako ni mkubwa kuliko baba yako, na hilo halina mjadala. Baba yangu alikuwa mtu mkali, kijiji kizima kikimwogopa, lakini nilimwona akisimama kumpisha dada yake kiti mpaka mwaka aliokufa. Sasa mimi ni nani nimwambie Shangazi kwamba kuku wake ana damu? Nikatafuna, nikameza, nikamshukuru. Mke wangu Simaima akaweka kipande chake mdomoni, akageuka kutazama dirishani, akabaki anatazama dirishani muda mrefu sana.

Mashine yenyewe ilitoka ng'ambo, Auckland. Alipofariki Kaufusi, mume wa Shangazi, binti yao wa pekee Kalolaine, anayeishi huko, alituma pipa la vitu: mablanketi, sabuni, viatu vya kanisani, na katikati, imefungwa kwa mataulo, maikrowevu nyeupe. Alidhani anamsaidia mama yake, na simlaumu. Hakujua anaiwashia familia nzima balaa.

Lazima mnielewe hapa, maana nimeumizwa. Mimi ndiye mpika umu wa ukoo wetu, lile jiko la shimoni. Kila Jumapili alfajiri nawasha kuni shimoni, nayaacha mawe yashike moto mpaka yageuke meupe, napanga magimbi na viazi vikuu chini, nguruwe katikati, na juu kabisa naweka lu. Lu ni majani ya magimbi yaliyokunjwa na mbavu za kondoo ndani, kitunguu na tui zito, yakafungwa kwa jani la mgomba. Nafunika kwa majani, kwa magunia, kwa udongo, halafu naoga, najifunga kiunoni mkeka wangu wa heshima na kwenda kanisani. Tukitoka kanisani, chakula kimeiva. Sitazami saa, na sijawahi kutazama. Mahubiri ndiyo saa. Mzee Penisimani akishika mimbari anaanza na Adamu na hamwachi mtu yeyote njiani, na nguruwe wangu siku hiyo anatoka mfupani bila kusukumwa.

Kazi hii nilifundishwa na huyo huyo Kaufusi, mume wa Shangazi. Hakukuwa na mpika umu kama yeye upande wote huu wa magharibi. Na alikuwa mcha Mungu. Tukitoka kanisani, watu wana njaa, watoto wanalia, yeye hakugusa udongo kwanza. Aliingia chumbani peke yake na kufunga mlango. Siku nyingine alitoka mara moja, siku nyingine alikaa humo mpaka sisi nje tunaanza kununa. Kisha alitoka na kusema, “Tufukue.” Nimewasimulia vijana wengi habari hiyo. Huwaambia, huyo ndiye mtu aliyekiombea chakula chake. Mimi sikuiga sehemu hiyo, maana njaa yangu huwa haina subira na Mungu ananijua nilivyo. Lakini niliiheshimu.

Basi Kaufusi akafa, na mimi nikawa nampelekea Shangazi kikapu kila Jumapili, magimbi bora, nyama ya kifuani, lu mbili. Naye akawa anakipokea kikapu, anakishukuru, kisha anaingiza chakula changu kwenye ile mashine.

“Shangazi, hicho kimetoka kwenye mawe sasa hivi. Bado kina moto.”

“Nakiongezea.”

Gimbi lililopikwa kwa mawe ukilipasha mle ndani linageuka mpira. Linateleza kwenye meno, linarudi. Nilimwona akilitafuna kwa raha zake na mimi nimesimama mlangoni roho inaniuma.

Nikajaribu dini. Nikamwambia mashine ni kazi, na Jumapili haturuhusiwi kazi.

“Kukata kuni ni kazi,” akajibu. “Kubeba mawe ni kazi. Kufukua udongo na nguo za kanisani ni kazi na ni uchafu. Mimi nabonyeza kwa kidole kimoja. Kidole kimoja ni kazi, Feleti? Ukijikuna Jumapili unatenda dhambi?”

Yai alililipua wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaingiza lu yangu ikiwa bado imefungwa kwa foili, maana siku hiyo nilikosa majani ya mgomba, na mashine ikapiga cheche. Akaniita nije mbio, kuna radi ndani ya sanduku. Nilikimbia na moyo wangu unaimba, nikidhani imekufa. Nikaufungua mlango wake, nikatoa foili, nikabonyeza, ikanguruma vizuri kabisa. Sijawahi kukichukia kitu kizima namna ile.

Na ina kengele. Ikimaliza inalia mara tatu, na Shangazi, popote alipo ndani ya nyumba, anaitikia, “Naam, nakuja!” Siku moja nilimcheka. Hakucheka.

“Wewe una mtu wa kukuita nyumbani kwako,” akaniambia. “Mimi tangu Kaufusi aondoke hakuna kitu kinachoniita humu ndani.”

Nilirudi kwangu nikamweleza Simaima, naye akaniambia nisimcheke tena. Lakini mapenzi ni kitu kimoja na chakula ni kingine, maana muda si mrefu Shangazi alianza kupika lu.

Jani la magimbi halitaki mchezo. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba lisipoiva sawasawa linawasha koo kama umemeza upupu. Lu ya kwanza ya Shangazi ilikuja siku ya Alhamisi. Dakika kumi na mbili, akasema, kwa fahari. Simaima hakulala usingizi wa mchana kwa kukohoa. Ya pili ilikuwa dakika kumi na tano, na mimi ndiye niliyelia machozi. Ya tatu, ya nne, mambo yale yale, na kila mara anakaa mbele yetu, anatutazama tukimeza, anauliza, “Inawasha?”

“Hapana, Shangazi,” tunasema, macho mekundu.

“Mh,” anasema, anaondoka na bakuli lake.

Kisha lu zikakoma. Miezi mitatu hakuleta hata moja. Nikamwambia Simaima kwamba hatimaye amesalimu amri, na nikalala vizuri.

Mwezi wa nane Kalolaine akapiga simu. Shangazi alikuwa ameketi barazani kwangu, simu iko mezani, sauti imefunguliwa, kwa hiyo sote tulisikia.

“Mama, nakuja Ijumaa na mume wangu. Na ninakata tiketi tatu za kurudi.”

“Ya tatu ya nani?”

“Yako.”

“Sijakuomba tiketi.”

“Mama, uko peke yako. Moto huwezi kuwasha, goti linakusumbua. Watu wananiambia unakula biskuti na nyama ya kopo. Feleti akiugua, nani atakulisha?”

“Nani kasema Feleti ananilisha?” Shangazi akaiinamia simu kana kwamba binti yake yumo ndani yake. “Najilisha mwenyewe. Njoo Jumapili. Utakula kwangu, wewe na mumeo, na huyu Feleti na mkewe. Lu nitapika mimi, kwa mashine yako. Ukila ukaona siwezi kujitunza, nitapanda ndege yako.”

“Unasema kweli?”

“Nimeshasema.”

Simu ikakatika. Shangazi akienda Auckland atakwenda kukaa kwenye chumba kidogo chenye kapeti, atazame mvua, afe kwa baridi na kwa kukosa mtu wa kugombana naye. Na sisi tutabaki bila mkubwa. Ndiye wa mwisho wa damu ya baba yangu. Nampenda, acheni niseme wazi, na ndiyo maana alikuwa ananitia wazimu. Ameweka nyumba yake, kijiji chake na kaburi la mumewe juu ya lu ya dakika kumi na tano!

“Shangazi,” nikasema, “magimbi na nguruwe nitaleta mimi. Hata lu, niache nikusaidie. Nani atajua?”

“Nitajua mimi,” akasema. “Lete magimbi. Lu usiguse.”

Usiku wangu wa Jumamosi ulikuwa mfupi, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Nitapika lu sita, idadi ile ile aliyosema Shangazi, kwenye umu yangu, nizifunge kwa jani la mgomba kama anavyofunga yeye, na kabla ya watu kukaa mezani nitazibadilisha. Wageni watakula lu iliyoiva, Shangazi atasifiwa, tiketi itatupwa, na Mungu atanisamehe kwa sababu ni kwa ajili ya familia. Nilichagua majani makubwa, mapana, yaliyokomaa, ili yaonekane ya heshima. Nikaweka nyama nyingi. Nikafunika udongo, nikaenda kanisani nikiwa na amani.

Kalolaine alikuwa ameshafika kanisani. Yeye na mumewe walikuwa wamefikia kwa wakwe zake, kijiji cha Nukunuku, wakaja moja kwa moja. Alikuwa amenenepa, amevaa vizuri, na alikuwa akitazama benchi la mbele ambako mama yake huketi. Benchi lilikuwa tupu. Shangazi Luseane hakuwepo. Mwanamke ambaye alikuja kanisani siku ya kimbunga na bati limeshikwa kichwani!

“Yuko wapi?” Simaima akaninong'oneza.

“Anapigana na mashine,” nikasema, na nilizidi kujipongeza kwa mpango wangu.

Mzee Penisimani naye hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda Vava'u kumzika dada yake. Aliyepanda mimbarani alikuwa kijana mmoja anayejifunza kuhubiri, shati limemkaba shingo. Alisoma karatasi yake bila kuinua macho, akaisoma haraka kama anafukuzwa, akasema amina, akaketi. Watu walitazamana. Hata wanakwaya walikuwa hawajapata ukurasa. Nje, watu walitoka wanacheka kwa furaha, jua bado halijakaza, na Kalolaine akazungukwa na ndugu wa kumbusu na kumlilia. Nikaona, huu ndio wakati wangu.

Nilifika nyumbani nikashika koleo.

“Feleti,” Simaima akasema, “leo kanisa limetoka mapema sana.”

“Sasa?”

“Sasa hiyo umu.”

“Simaima, mimi napika umu tangu hujajua kusuka nywele zako mwenyewe. Kanisa likitoka, nafukua. Shika gunia.”

Akashika gunia. Uso wake ulisema mengi lakini mdomo ulinyamaza, na hilo nalo lilinikera. Magimbi ya chini yalikuwa yameiva, nguruwe alinukia, moshi ulikuwa mtamu. Lu huwa hatufungui kabla ya baraka ya mezani, kwa hiyo sikufungua. Nilizitia kwenye kikapu chini ya magimbi, tukapanda pikapu, tukaenda.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa safi inang'aa. Yeye alikuwa bafuni, namsikia akijimwagia maji na kuimba. Mezani lilikuwapo bakuli kubwa la kioo limefunikwa kwa kitambaa, na ndani yake lu sita zimepangwa. Hata sikuzinusa. Nilizitoa mbio mbio, nikaweka zangu, nikazificha zake kwenye kikapu, nikamkabidhi Simaima akiweke ndani ya pikapu. Jambo moja niliona: yeye alifunga kwa mafundo mawili, mimi kwa moja. Nikasema moyoni, nani atahesabu mafundo.

Tuliketi watu watano. Mume wa Kalolaine aliombea chakula. Kila mtu akafungua lu yake.

Kalolaine alianza. Alitafuna, akameza, akatabasamu kidogo, akataka kusema neno jema. Neno halikutoka. Akasafisha koo, akasafisha tena, akanywa maji, mkono ukaenda shingoni. Mumewe alikuwa ameshameza vipande vitatu, na alianza kukohoa mpaka akasukuma kiti. Nikatia kipande changu mdomoni. Ilikuwa kama kumeza sindano. Jani lilikuwa bado la kijani katikati, lina uzi, gumu. Kwenye sahani ya Simaima lu ilikuwa imefunguliwa lakini haijaguswa, naye alikuwa ananitazama.

Nilijua papo hapo. Mahubiri yale. Kijana yule na karatasi yake!

Shangazi alikuwa anakula. Alikula taratibu, kipande kwa kipande, bila kukohoa, bila kugusa maji, na sijui alimezaje. Alipomaliza aliokota lile jani la mgomba, akalitazama fundo moja lililofungwa, akalinusa, likanuka moshi, akaliweka chini. Kisha akanitazama mimi.

“Mama,” Kalolaine akasema, sauti imekwama, machozi yanamtoka, sijui kwa muwasho au kwa uchungu. “Hiki ndicho unachokula kila siku?”

Shangazi akapangusa makombo mezani.

“Nakuuliza. Hivi ndivyo unavyoishi?”

“Wewe umekula,” Shangazi akasema. “Umeona.”

“Basi ndege ni Jumatano. Nitakusaidia kufunga mizigo kesho.”

“Sawa.”

Sawa! Hakujitetea. Alikunja mikono mapajani, akaendelea kunitazama kwa macho yale yale ya baba yangu. Nami nikaanza kufikiri upuuzi. Nikafikiri, nikinyamaza nitabaki kuwa Feleti wa umu, Feleti asiyetazama saa. Nikisema, kijiji kizima kitajua kesho asubuhi kwamba nimelisha wageni lu mbichi. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kunywa maji glasi moja, na aibu ya muda ule ninayo mpaka leo.

“Lu hii ni yangu,” nikasema.

“Nini?” Kalolaine akaniuliza.

“Hii mliyokula. Nimepika mimi kwenye umu. Nimebadilisha mama yako alipokuwa anaoga. Za kwake ziko kwenye pikapu.”

Kalolaine alinitazama kama mtu anayetafuta kitu cha kunirushia. “Feleti, una akili wewe? Hiki kinachoniua ni umu yako?”

“Kanisa limetoka mapema,” nikasema. Sauti ilikuwa ndogo.

“Simaima,” Shangazi akasema, “nenda kalete chakula changu, mwanangu.”

Simaima aliondoka mbio, maana nadhani alikuwa anasubiri kutumwa. Lu zikaja, zikarudishwa mezani, bado zina uvuguvugu. Kalolaine alifungua moja kwa ncha za vidole kama mtu anayefungua mtego. Jani lilikuwa limekoza rangi, limelegea, limeshikana na tui mpaka huwezi kujua kipi kinaishia wapi. Akaonja. Sote tukalitazama koo lake. Akaonja tena. Kisha akavuta bakuli karibu yake na hakuongea tena mpaka alipomaliza.

Na mimi nilipewa. Nilitafuta kosa, nakiri. Moshi haukuwapo, na lu bila moshi mimi naona ina upungufu. Chumvi ilikuwa kidogo. Lakini iliiva. Iliiva kuliko zangu nyingi za mwaka ule, na kuliandika hili kunaniuma.

“Umepika dakika ngapi, Mama?” Kalolaine akauliza.

“Arobaini.”

“Zote?”

“Moja moja. Ukiziweka pamoja za kando zinaiva, ya kati inawasha. Nilishajua.” Akachukua kitabu chake cha nyimbo kwenye kabati, akafungua ukurasa wa mwisho ulio mtupu, akampa binti yake. Kulikuwa na mistari ya penseli kutoka juu mpaka chini. Nilisoma juu ya bega la Kalolaine. *Kumi na mbili, Simaima anakohoa. Kumi na tano, Feleti analia, anasema haiwashi. Ishirini, bado mwongo.* Kisha mistari mingine mingi ya miezi ile mitatu, na hapo hakukuwa na majina yetu tena, alikuwa akionja mwenyewe. *Inawasha. Inawasha. Moto mdogo, inawasha kidogo.* Mstari wa mwisho ulisema, *Arobaini, moto mdogo, haiwashi. Asante Bwana.*

Simaima alikuwa anahesabu kwa vidole. “Arobaini mara sita. Hizo ni saa nne, Shangazi. Ndiyo maana hukuja kanisani.”

“Tangu nibatizwe sijakosa Jumapili,” Shangazi akasema. “Leo nimekosa.”

“Umesimama jikoni saa nne na goti hilo?” Kalolaine akauliza.

“Nisimame kwa nini? Nilikaa, nikaimba. Ikiwa tayari inaniita.”

Kalolaine akafunika uso kwa kitambaa cha mezani. Mumewe, mtu mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu aanze kukohoa, alivuta lu ya sita katikati ya meza, akaigawa nusu yeye na mama mkwe wake. Tiketi haikutajwa tena siku ile.

Mimi nilibaki na swali langu, na sikuweza kulimeza kama nilivyoshindwa kumeza majani. “Shangazi, ulijua tangu mwanzo si yako. Kwa nini ulinyamaza? Angekuchukua.”

“Nilikuwa nangoja nione kama wewe ni mtoto wa kaka yangu,” akasema. “Ulichelewa. Lakini ulifika.”

Jumatano Kalolaine na mumewe walipanda ndege wawili tu. Alhamisi mchana nikamwona Shangazi anakuja njiani na goti lake, amekumbatia kitu kifuani, nikajua ni kuku. Hakuwa kuku. Ilikuwa saa ya ukutani, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, mishale yake inatembea.

“Ya nini hii, Shangazi?”

“Ya Kaufusi. Ilikuwa chumbani, nyuma ya mlango.” Akaniwekea mikononi. “Jumapili alikuwa akitoka kanisani anaingia kuitazama kwanza, kisha anajilaza kitandani, anangoja muda utimie. Wewe ulidhani anafanya nini mle ndani, anaomba?”

Alikunywa chai yangu, akaniambia maji hayakuchemka vizuri, akaenda zake.

Saa nimeitundika kwenye kibanda cha umu, nyuma ya nguzo, mahali ambapo mtu akipita njiani haioni. Kila Jumapili tukitoka kanisani naingia kibandani kwanza, navuta gunia la mlango, nakaa. Wanaume wa nje wana njaa, wananuna. Simaima akiniuliza kwa sauti nafanya nini humo, namwambia naomba.